Kujenga utamaduni wa pamoja kwenye kundi la chembe: mfano wa vioski vya maji Tandale

Tuseme una vioski vitano vya maji vya kuweka kata ya Tandale, Dar es Salaam, na unataka watu wa kila nyumba watembee umbali mfupi iwezekanavyo. Kioski kimoja kina namba mbili tu, ya mashariki na ya kaskazini. Vitano vina namba kumi, na mipangilio ya namba kumi haihesabiki. Hapa ndipo kundi la chembe (kwa Kiingereza particle swarm) linaposaidia. Kila chembe ni mpangilio mmoja kamili wa vioski vitano. Chembe zote zinatembea kwenye ramani ya majibu, kila moja ikikumbuka mahali pazuri ilipopita na kuchungulia jirani zake wamepata nini.

Njia hii ilitolewa mwaka 1995 na James Kennedy, mwanasaikolojia wa jamii, pamoja na Russell Eberhart, mhandisi wa umeme. Mwaka mmoja kabla yao, Robert Reynolds wa Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit, alikuwa ameeleza algoriti za kitamaduni: kundi lina watu wake, na pembeni lina ghala la maarifa ya pamoja linalolishwa na waliofanikiwa na kuwaongoza wengine. Mwongozo huu unaunganisha hayo mawili. Sehemu ngumu si kuandika programu, maana mistari haizidi mia mbili. Ugumu uko kwenye kuamua nani anaingiza neno ghalani, mara ngapi, na wengine walisikilize kwa kiasi gani.

Vifaa na data

Laptop ya kawaida yenye RAM ya GB 4 inatosha. Weka lugha ya programu ya Python 3 na maktaba zake za NumPy, SciPy na Shapely. Hifadhi hali ya kundi kwenye faili kila baada ya raundi 20 (raundi ni kila chembe kusogea mara moja), kwa sababu umeme ukikatika na betri ikiwa imechoka utaanza upya.

Majengo yachukue kutoka OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote. Tandale ilichorwa na wakazi na wanafunzi mwaka 2011, na mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 ukaendeleza kazi hiyo katika kata nyingi za Dar es Salaam, kwa hiyo nyumba, njia na mifereji ipo kwa undani ambao miji mingi haina. Chukua kitovu cha kila jengo. Kama ni maelfu, chota 1,000 kwa bahati nasibu kwa ajili ya majaribio, kisha tumia yote kwenye hesabu ya mwisho.

Kabla ya jambo lolote, geuza nyuzi za longitudo na latitudo ziwe mita. Dar es Salaam iko kwenye kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita; namba yake kwenye EPSG, orodha ya mifumo ya ramani, ni 32737. Ukiziacha kama nyuzi, tofauti kati ya nyumba mbili itakuwa kama 0.002, na kila kigezo utakachosoma hapa chini kitakosa maana. Kisha toa namba ya kona ya kusini-magharibi ili eneo lako lianzie sifuri. Hapa tunachukulia mraba wa mita 2,000 kwa 2,000.

Gharama ya jibu

Gharama ni wastani wa umbali kutoka kila nyumba hadi kioski kilicho karibu nayo. Wastani peke yake una hila: unaweza kupendeza huku nyumba chache za pembeni zikiteseka. Ongeza adhabu kwa kila nyumba iliyo mbali kupita kikomo. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 ilitaja mita 400 kwa huduma ya vijijini. Kwa mtaa uliosongamana kama huu mita 250 ni kikomo cha busara zaidi, lakini uamuzi huo ni wa wenye mradi, si wa kompyuta. Tunatumia wastani wa mita, ukiongezwa mara 100 ya sehemu ya nyumba zilizo nje ya kikomo. Robo ya nyumba zikiwa nje, gharama inapanda kwa 25.

Halafu kuna Mto Ng'ombe. Umbali wa mstari mnyoofu haujui mto. Nyumba iliyo mita 60 ng'ambo ya kioski inaweza kuwa mita 500 kwa miguu, kwa sababu lazima mtu azunguke hadi kwenye daraja. Gawa eneo katika poligoni mbili, moja kwa kila upande wa mto, na uorodheshe vivuko vyote kama pointi. Nyumba na kioski vikiwa upande mmoja, tumia umbali wa kawaida. Vikiwa pande tofauti, jumlisha nyumba hadi kivuko na kivuko hadi kioski, kisha chagua kivuko chenye jumla ndogo. Upande wa kila nyumba na umbali wake hadi kila kivuko vihesabu mara moja tu mwanzoni, la sivyo programu itatambaa.

Kwa chembe 40 na raundi 300 utapima majibu 12,000. Kwa nyumba 1,000 hiyo ni hesabu ya dakika chache.

Kundi kabla halijapata utamaduni

Zitawanye chembe 40 ovyo kwenye eneo lote. Zipange kwenye duara, kila moja na jirani wawili, wa kushoto na wa kulia. Kila raundi kasi inasahihishwa hivi:

    v = 0.7298*v + 1.49618*r1*(bora - x) + 1.49618*r2*(lengo - x)
    x = x + v

Namba hizo mbili zinatokana na kazi ya Maurice Clerc na Kennedy ya mwaka 2002. Zinazuia kasi isilipuke, na hakuna sababu ya kuzichezea mwanzoni. "x" ni mahali chembe ilipo sasa na "v" ni kasi yake. "Bora" ni mahali pazuri chembe yenyewe ilipowahi kufika. "Lengo", kwa sasa, ni mahali pazuri palipofikiwa na jirani. r1 na r2 ni namba za bahati nasibu kati ya 0 na 1, nazo zichotwe upya kwa kila mojawapo ya namba kumi. Wengi huchota moja kwa chembe nzima. Programu inakubali bila kulalamika, ila chembe inabaki kutembea kwenye uwanja mwembamba na majibu yanadumaa.

Kasi isizidi mita 400 kwa raundi, yaani asilimia 20 ya upana. Chembe ikitoka nje ya eneo, irudishe ukingoni na kasi ya upande huo uifanye sifuri.

Endesha toleo hili kwanza, likiwa tupu, na uhifadhi matokeo yake. Bila hayo hutajua baadaye kama utamaduni umesaidia au umepamba tu.

Lugha moja kabla ya utamaduni

Kosa la hatari kuliko yote katika kazi hii halionekani kwa macho. Chembe ya kwanza inakiita kioski cha sokoni namba 1 na cha mtoni namba 4. Chembe ya pili ina mpangilio uleule kabisa, ila kwake cha sokoni ni namba 4 na cha mtoni namba 1. Kwa mkazi wa Tandale ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni majibu mawili yaliyo mbalimbali mno, na ukiyachanganya, vioski vyote viwili vinavutwa katikati, mahali ambapo hakuna aliyepapendekeza. Maarifa ya pamoja yakijengwa juu ya fujo hiyo yanakuwa wastani wa maneno yasiyoelewana.

Kupanga vioski kwa mfuatano wa magharibi kwenda mashariki hupunguza tatizo, lakini vioski viwili vilivyo karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini-kusini vitabadilishana namba kila vinapopishana mita moja. Dawa ya kweli ni kuilinganisha kila chembe na kiongozi, yaani jibu bora la kundi zima hadi sasa:

    import numpy as np
    from scipy.optimize import linear_sum_assignment

    def panga(x, v, bora, kiongozi):
        a = x.reshape(5, 2)
        k = kiongozi.reshape(5, 2)
        umbali = np.linalg.norm(k[:, None] - a[None, :], axis=2)
        _, m = linear_sum_assignment(umbali)
        return (a[m].ravel(),
                v.reshape(5, 2)[m].ravel(),
                bora.reshape(5, 2)[m].ravel())

Angalia kwamba kasi na kumbukumbu ya chembe vinapangwa upya pamoja na mahali ilipo. Ukipanga x peke yake, kioski cha sokoni kinarithi kasi ya kile cha mtoni. Endesha "panga" kila ghala la maarifa linapofanyiwa mapitio, kwa chembe zote 40.

Ghala la maarifa

Reynolds na wanafunzi wake walifikia aina tano za maarifa. Si lazima uzijenge zote kwa uzito sawa.

Mfano wa kuigwa ni jibu bora lililowahi kupatikana na kundi zima. Ni rahisi kulijenga, na ndilo lenye nguvu kupita kiasi.

Mipaka ya kawaida inasema, kwa kila namba kati ya zile kumi, waliofanikiwa wako kati ya wapi na wapi. Kila mpaka unahifadhiwa pamoja na gharama ya chembe iliyouweka. Mpaka wa chini unasogezwa kama chembe iliyokubaliwa (moja ya zile bora zinazoruhusiwa kuingiza neno ghalani) iko chini yake, au kama ina gharama nafuu kuliko iliyouweka. Wa juu vivyo hivyo kwa upande wake. Hapa pana mtego. Kiongozi mwenye gharama nafuu kuliko wote anaweza kushinda mipaka yote miwili kwa mpigo, ya chini na ya juu ikakutana kwake, na upana ukawa sifuri. Kuanzia hapo kundi zima linaambiwa kawaida ni nukta moja. Kwa hiyo mpaka wa chini uguswe na chembe iliyo chini kuliko zote kati ya zilizokubaliwa, wa juu uguswe na iliyo juu kuliko zote, na upana usiruhusiwe kushuka chini ya mita 60.

Ramani ndiyo tunayoipenda zaidi kwa tatizo la aina hii. Gawa eneo katika vyumba vya mita 200 kwa 200, unapata 100. Kila mapitio, zidisha hesabu ya kila chumba kwa 0.9, kisha ongeza 1 kwa kila kioski cha chembe iliyokubaliwa kilichomo. Uzuri wake ni kwamba haijali namba za vioski hata kidogo. Chumba kinachopendwa ni kinachopendwa, awe amekitaja nani.

Ujuzi wa mahali ni mambo yanayojulikana kabla ya hesabu: kioski hakikai mtoni, hakikai bondeni ambako masika huleta mafuriko, hakikai barabarani. Usiyaweke kama ushauri. Yaweke kama sheria, kioski kikiangukia humo kisogezwe hadi ukingo ulio karibu kabla ya kupimwa.

Historia ni orodha ya viongozi 10 wa mwisho. Tatizo likiwa halibadiliki haina kazi kubwa. Ihifadhi hivyohivyo, utaihitaji.

Nani anaingia, na lini

Chukua chembe 8 bora kati ya 40, yaani asilimia 20. Ukichukua 2, ghala linakuwa mwangwi wa kiongozi. Ukichukua 20, linajaa maoni ya kati yasiyoelekeza popote.

Mara ngapi ni swali zito zaidi, na wengi hulipita. Kwenye duara la chembe 40, habari njema inasogea jirani mmoja kila upande kwa raundi, kwa hiyo inahitaji raundi 20 kufika upande wa pili. Huo ucheleweshaji ni faida: wakati habari ya sokoni iko njiani, chembe za upande wa pili bado zinachunguza mtoni kwa akili zao. Ghala la maarifa linaupiga teke ucheleweshaji huo, kwa sababu linasomwa na wote papo hapo. Ukilipitia kila raundi, duara lako halina maana tena. Umerudi kwenye kundi ambalo kila mtu anamfuata mmoja. Ni kama kijiwe cha bodaboda: mmoja akisema Mwenge kuna abiria, wote wakaondoka, abiria wa Sinza wanabaki wamesimama.

Pitia ghala kila raundi 10. Kama gharama inakwama mapema, jaribu 20. Chini ya 5 hatushauri kabisa kwa kundi la ukubwa huu.

Jinsi ya kusikiliza

Kila raundi, kila chembe ichague kwa bahati nasibu "lengo" lake litoke wapi. Anza hivi: uwezekano wa asilimia 40 libaki jirani wa duara kama zamani, na asilimia 60 zigawanywe sawa kwa mfano wa kuigwa, mipaka na ramani, 20 kila kimoja. Zile asilimia 40 ndizo kinga yako. Ni chembe ambazo raundi hiyo hazisikii ghala.

Chembe ikichagua mfano, lengo ni kiongozi. Ikichagua mipaka, kwa kila namba iliyo nje ya mipaka lengo ni nukta ya bahati nasibu ndani yake. Iliyo ndani haivutwi. Ikichagua ramani, chukua kioski chake kimoja tu, chagua chumba kwa uwiano wa hesabu zake, weka lengo la kioski hicho humo, vingine vinne lengo lao liwe palepale vilipo. Ukivivuta vyote vitano kwa ramani vitarundikana kwenye chumba kimoja maarufu. Tatizo hili utaliona haraka: gharama inaruka badala ya kushuka.

Baada ya raundi 50 anza kuyapima maarifa yenyewe. Hesabu ni mara ngapi kila aina iliiwezesha chembe kuboresha kumbukumbu yake, gawanya kwa mara ilizochaguliwa. Geuza viwango vya aina tatu viwe mgawo wa zile asilimia 60, kisha uzito mpya wa kila aina uwe 0.9 ya uzito wa zamani na 0.1 ya mgawo huo. Usiruhusu aina yoyote kushuka chini ya asilimia 10. Ukiipunguza moja hadi hapo, zile nyingine mbili zigawane kilichobaki ili jumla isalie 60. Mfano wa kuigwa kwa kawaida unang'aa mwanzoni na kufifia mwishoni, ramani ikafanya kinyume, na ukiiua mapema haitakuwepo wakati wa kuhitajika.

Dalili za ugonjwa

Baada ya kila mapitio, pima mtawanyiko: wastani wa umbali wa chembe kutoka kitovu cha kundi, baada ya kuzipanga. Ukishuka chini ya asilimia 5 ya ulivyokuwa mwanzo kabla ya raundi ya 100, utamaduni umekuwa mkali mno. Punguza sauti ya mfano kwanza, iwe asilimia 10, na ile kumi iliyobaki mpe jirani wa duara. Usikimbilie kuongeza chembe. Chembe 80 zinazomfuata mtu mmoja zinakosea kwa pamoja.

Mtawanyiko ukibaki mkubwa hadi raundi ya 300 na gharama haishuki, tatizo ni kinyume chake, au hukupanga vioski. Kagua upangaji kwanza.

Gharama ikigoma kushuka huku kioski kimoja kimekaa ukingoni mwa mto, angalia poligoni zako. Zikiachana hata mita mbili, kioski kinajificha kwenye ufa usio na upande, na programu inaweza kukihesabu kama kiko pande zote mbili. Kundi la chembe ni hodari sana wa kutafuta mianya ya namna hiyo.

Kujiridhisha kwamba umepata kitu

Endesha mara 30 na utamaduni na mara 30 bila utamaduni, kila mara kwa mbegu tofauti ya bahati nasibu (namba inayoanzisha uchotaji), na idadi ya vipimo iwe sawa, 12,000 kwa kila mwendo. Linganisha kwa gharama ya kati (median), usichague mwendo uliopendeza. Jaribio la kitakwimu la Mann-Whitney lililomo kwenye SciPy litakuambia kama tofauti ni ya kweli. Na tofauti isipokuwepo, tumia toleo tupu. Ni rahisi kulieleza ofisini. David Wolpert na William Macready walithibitisha mwaka 1997 kwamba hakuna algoriti inayozishinda nyingine kwa matatizo yote yakichukuliwa kwa jumla, kwa hiyo ushindi wa Tandale hauna ahadi yoyote kwa Mbagala.

Kupima programu yenyewe, wapo wanaotumia fomula ya majaribio iitwayo Rastrigin, yenye mashimo mengi na jibu sahihi la sifuri katikati kabisa. Isogeze kwanza, jibu likae mfano kwenye 1.7 badala ya 0. Kosa dogo la programu linalovuta namba kuelekea sifuri litakufanya uonekane bingwa kwenye toleo lisilosogezwa.

Kutoka kwenye skrini hadi mtaani

Kompyuta itakupa nukta, na nukta hiyo mara nyingi iko juu ya bati la mtu. Chora duara la mita 30 kuzunguka kila kioski, pima gharama ya sehemu wazi zilizomo, na toa tatu zilizo bora kwa kila kioski. Peleka orodha hiyo kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, si nukta moja moja. Yeye ndiye anayejua kiwanja kipi kina kesi na kipi hujaa maji. Umbali hadi bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, nao uupime hapo, kwa sababu mita chache za kutembea zinaweza kugharimu mita nyingi za kuchimba.

Kivuko kikichukuliwa na mvua au kingine kikijengwa, badilisha orodha ya vivuko na usianze kutoka sifuri. Tupa gharama zote za zamani, kwa kuwa sasa ni uongo, pamoja na gharama zilizofungwa kwenye mipaka na kwenye kumbukumbu za chembe. Waingize wale viongozi 10 wa historia kwenye kundi, chembe 30 zilizobaki zitawanye upya, zidisha hesabu za ramani kwa 0.5, na endesha raundi 150.